Nipeleke kwanza kijijini kwenu

Watu wakijua kazi yangu, swali lao la kwanza huwa la nyumba. Inatakiwa vyumba vingapi? Lazima iwe ya kwako, au hata ya kupanga inakubalika? Choo kikiwa nje kuna shida? Mtu amekaa kwenye ndoa miaka na miaka bila mtoto, hatimaye amekata shauri aasili, na jambo la kwanza analolifanya ni kupaka rangi. Nimeingia nyumba ambazo rangi ilikuwa bado mbichi, mwenyeji ananikaribisha huku akiniomba nisiegemee ukuta.

Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii. Nilizaliwa Walukuba, Jinja, hapa Uganda, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako Mlugbara, Msamia, Mjaluo na Msoga walikutana bombani na kusikilizana kwa Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake. Kazi yangu ni kuwatembelea wanaoomba kulea au kuasili mtoto, kukaa nao, kuuliza, kurudi tena bila taarifa, kisha kusaidia kuandaa ripoti itakayopitia kwa afisa wa probesheni, yule wa serikali anayesimamia mambo ya watoto wilayani, hadi mahakamani. Hakimu hawezi kwenda kulala kwa watu aone wanavyoishi. Anachokijua kuhusu nyumba hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kile tulichokiandika.

Na miaka yote hii nimezidi kuamini kwamba tunapima watu wachache mno. Tunawapima mume na mke, au mwanamke mmoja aliyejaza fomu, kana kwamba mtoto anahamia kwa hao tu. Uganda hakuna mtoto anayehamia kwa watu wawili. Anahamia kwa bibi aliyeko Kaliro, kwa baba wadogo wanaogombania shamba, kwa shangazi ambaye hajaombwa ushauri na hatasahau kwamba hakuombwa. Fomu haina mstari wa hao.

Sheria yenyewe haina makosa makubwa. Sheria ya Watoto ilitungwa 1996 na kurekebishwa 2016, na masharti yake mengi ni ya busara. Mwombaji, au angalau mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mwanamume asiye na mke hapewi mtoto wa kike, wala mwanamke peke yake mtoto wa kiume, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuna sababu ya pekee. Mmoja wa wanandoa akiomba peke yake, mwenzake aridhie. Mtoto aliyefika miaka 14 huulizwa yeye mwenyewe, na akikataa amekataa. Kabla ya hayo yote, mwombaji anatakiwa awe amemlea mtoto huyo kwa muda chini ya jicho la afisa wa probesheni. Raia anayeasili mtoto raia huenda kwa Hakimu Mkuu wa eneo lake. Asiye raia huenda Mahakama Kuu.

Halafu kuna lile faili: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), cheti cha polisi cha mwenendo mwema, ripoti ya daktari, taarifa ya benki, cheti cha ndoa, barua za wadhamini. Wadhamini, nikuambie ukweli, ni pasta na bosi. Sijawahi kusoma barua ya pasta inayosema mtu huyu asipewe mtoto.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria hiyohiyo inaujua ukoo, lakini wa upande mmoja tu. Inairuhusu mahakama kutaka ridhaa ya mtu mwingine, mbali na wazazi, ikionekana ana haki au wajibu juu ya mtoto, hata kama haki hiyo inatokana na mila. Kwa maneno mengine, mjomba wa mtoto anaweza kuitwa aulizwe. Mjomba wa mwombaji haitwi na yeyote.

Nilijifunza kumtafuta huyo mjomba kwa sababu ya bibi mmoja wa Bugembe. Mwanawe na mkwewe walikuwa waombaji ambao ofisi yoyote ingewapenda: kazi za mshahara wote wawili, ua uliofyekwa vizuri, chumba cha mtoto kilichopambwa kwa picha za twiga. Walijibu kila swali kama waliosoma mtihani kabla. Bibi alikuwa amekaa nyuma, karibu na jiko la nje, anachambua maharage, na hakuna aliyenitambulisha kwake. Nikaenda mwenyewe. Nikapiga magoti nikamsalimia kama inavyotakiwa, nikakaa kwenye jamvi, nikaanza kuchambua naye. Baada ya muda akasema, bila hasira yoyote: “Mwanangu, mtoto akija atakula. Chakula kipo. Ila msije mkaniambia nimpe jina.”

Msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda asione uzito wa maneno hayo. Kwa Wasoga, kama kwa watu wa Buganda, jina la mtoto si pambo ambalo wazazi wamelipenda. Majina ni mali ya ukoo, na ukoo una muziro wake, mnyama au mmea ambao watu wake hawauli. Ukitaja jina lako, mzee anajua wewe ni wa nani, unakatazwa kula nini, na huwezi kuoa wapi. Mtoto aliyeokotwa kando ya soko hana hayo. Bibi hakuwa mchoyo. Hofu yake ilikuwa kwamba siku moja kijana huyo ataoa dada yake wa ukoo wake halisi bila kujua, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa amempa jina la kufichia. Kwake hilo lilikuwa jambo la dhambi na maafa, na hakuna chumba chenye twiga kitakachoyaondoa.

Wale wanandoa walishtuka nilipowaambia. Mume alisema, “Madamu, mama ni mzee, atazoea.” Mimi nilisema sipeleki ripoti mpaka wakae na wazee. Waliudhika, na kwa kweli nilielewa, maana walikuwa wameshamzoea mtoto naye ameshaanza kumwita mke mama. Kikao kilifanyika kijijini baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Ukoo haukutoa jina lake. Ulichokubali ni mtoto apewe jina lisilo la ukoo wowote, lile linalotokana na mambo yaliyokuwapo alipofika, na kwamba wazee wote wa pale wajue alivyokuja, ili akikua asidanganywe na asidanganye. Mume hakuridhika. Bibi aliridhika. Mimi nilipendekeza wapewe, na nikaandika aya nzima kuhusu kikao hicho, ambayo sijui kama hakimu aliisoma.

Kwa nini nang'ang'ania hivi? Kwa sababu ya mirathi. Amri ya kuasili ikishatoka, mtoto anarithi kama aliyezaliwa kwenye nyumba hiyo. Hilo halina utata. Na sheria ya urithi iliporekebishwa 2022, mtu akifa bila wosia akaacha mjane, wategemezi na mrithi wa kimila, bado watoto ndio wanaobeba fungu kubwa, 75% ya mali, mjane 20%. Fungu la watoto likiwa kubwa hivyo, swali la nani ni mtoto linakuwa swali la ardhi, na ardhi hapa kwetu ndiyo inayoua watu.

Sasa tazama linavyokwenda. Ili kusimamia mali ya marehemu unahitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Ili ukipate unaanza na barua ya LC inayotaja warithi na kikao cha familia. Nani anakaa kwenye kikao? Walewale ambao fomu ya kuasili haikuwa na mstari wao. Amri ya mahakama imo kwenye droo au sanduku, mama aliyekuwa anajua ilipo huenda naye amefariki, na baba mdogo amekwisha kumweleza mwenyekiti kwamba marehemu alikuwa na watoto wawili, wakati nyumba nzima inajua walikuwa watatu.

Kijana mmoja alikuja ofisini na nakala yake ya amri ndani ya karatasi ya plastiki. Alikuwa mtu mzima, fundi wa umeme, anazungumza polepole. Baba aliyemlea alikuwa amefariki, na siku ya olumbe, siku ya kuhitimisha msiba na kumsimika mrithi, aliambiwa arudi kwao. Alipouliza kwao ni wapi, walicheka. Tulimwandikia barua, tukampeleka kwa mawakili wa msaada wa kisheria, na sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliyemwasili alikuwa mtu mwema. Kila aliyemjua alisema hivyo. Ila hakuwahi kumpeleka kijijini isipokuwa kwa Krismasi, na kila mara walilala hoteli ya mjini.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaangalia sebule, nasema: nipeleke kijijini kwenu. Wengine hukubali mara moja. Wengine huanza kuhesabu siku za likizo. Namna mtu anavyolijibu ombi hilo hunieleza zaidi ya taarifa yake ya benki.

Aliyenifurahisha kuliko wote alikuwa mwanamke anayeuza mukene, hawa dagaa wadogo, kule Masese. Hana mume. Alikuwa analea msichana mdogo aliyetoka kwenye makao ya watoto wachanga. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kile tunachokiita muzigo, pazia limegawanya kitanda na vyombo. Kwenye karatasi alikuwa dhaifu: hana akaunti ya benki, pesa zake zote ziko kwenye simu na kwenye kikundi cha kukopeshana. Mwenzangu aliyemtembelea kwanza aliandika kwamba mazingira hayatoshi. Mimi nikapanda naye taksi, yaani basi dogo la abiria, mpaka Kamuli.

Tulipofika, mtoto aliteremka akakimbia bila kutuangalia. Alikuwa na kuku wake. Kaka mkubwa wa yule mama alimpa kifaranga mara ya kwanza alipoletwa, na kuku huyo sasa alikuwa anataga, na palikuwa na ugomvi mkubwa kati ya watoto kuhusu nani ana haki ya kugawa mayai. Msichana alikuwa anashinda ugomvi huo. Niliwaacha wagombane, nikakaa na kaka. Hakunisifia dada yake hata kidogo. Alisema ana kichwa kigumu na anadaiwa. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwombaji mwenye shahada: mtoto akiugua usiku akahitaji kupasuliwa, na dada yuko ziwani, nani ana amri ya kusaini? Anayelea kwa muda hana mamlaka yote ya mzazi, na huyo kaka, bila kusoma sheria, alikuwa ameshaliona pengo hilo. Alitaka amri itoke upesi ili ajue atafanya nini usiku huo. Nikaandika ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na sehemu ya chumba kimoja niliimaliza kwa sentensi mbili.

Upande wa Waislamu kuna jambo ambalo maofisa wengi hawalijui, na wasilolijua wanalihukumu. Nilitumwa kwa familia ya Kinubi, watu wenye asili ya Bombo waliohamia Jinja, kutazama kwa nini mwenzangu aliandika kwamba “hawajajitoa kikamilifu.” Kosa lao lilikuwa kwamba walikataa kumpa mtoto jina la baba wa nyumba. Walikuwa wanamlea msichana tangu akiwa na wiki chache, wanampenda kupita kiasi, na hawakutaka aitwe binti wa fulani. Sasa, Qur'ani katika Suratul-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, nasaba haihamishwi. Hawarithi kwa mafungu ya faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu, lakini mlezi anaweza kuwausia mpaka theluthi ya mali yake, na wale wazee walikuwa wameshauandika wosia na kuupeleka kwa sheikh. Nani amejitoa zaidi: aliyebadilisha jina, au aliyekwisha kugawa theluthi?

Na ukoo wao ulikuwa umefanya kazi kabla yangu. Dada wa mume alikuwa ananyonyesha wakati ule. Akaombwa amnyonyeshe mtoto idadi ya mara inayotakiwa kisheria ya dini, kabla hajatimiza miaka miwili, ili mume awe mjomba wake wa kunyonya na msichana akikua asilazimike kujifunika mbele ya mtu anayemwona kama baba. Kikao cha wanawake Bombo kiliamua hilo, na watu walisafiri kwa ajili yake. Mimi niliuliza swali moja tu, kama amepimwa damu huyo dada, wakanionyesha kadi ya kliniki. Kwa watu kama hawa ulezi wa kisheria, yaani kupewa mamlaka ya kumlea mtoto bila kubadilisha nasaba yake, ambao tangu marekebisho ya 2016 umewekwa kwa raia wa Uganda tu, unafaa kuliko kuasili. Nilipendekeza hivyo. Hakuna haja ya kumlazimisha mtu aape kinyume cha dini yake ili tumwone mzazi.

Kuna kundi ambalo kwao safari ya kijijini ni kitisho, nao ni wale wanaotaka siri. Wanawake hufunga nguo tumboni miezi kadhaa. Wanaomba mtoto mwenye umri wa siku, mwenye rangi fulani, na wanapanga kuhama kutoka Jinja waende Mukono ambako hakuna anayewajua. Nawahurumia, najua maneno wanayoambiwa kwenye harusi na misiba, mwanamke asiye na mtoto hapa kwetu hapewi nafasi ya kupumua. Lakini siri hiyo haidumu. Shangazi anahesabu miezi. Mfanyakazi wa ndani anaona mapema zaidi. Na siku ya ugomvi wa shamba mtoto ataambiwa yeye ni nani, mbele ya watu, na mtu asiyempenda. Mwombaji wa namna hii simkatai. Namwambia arudi akishamwambia mzee mmoja wa kwao, yeyote amtakaye. Baadhi hurudi.

Wengine wanaagiza mtoto “asiye na ndugu kabisa.” Wanadhani asiye na ndugu hatakuja kudaiwa. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto walioko kwenye makao wana jamaa walio hai mahali fulani, ndiyo maana mwongozo wa serikali wa 2012 kuhusu malezi mbadala unaanza na kumrudisha mtoto kwa familia yake, kisha jamaa, kisha mlezi au kuasiliwa humu nchini, na kuasiliwa nje ya nchi kunakuja karibu na mwisho kabisa. Anayeudhika na mtoto kuwa na bibi hajawa tayari kuwa na mtoto.

Kuhusu wageni nitasema kidogo. Zamani walichukua amri ya ulezi hapa, wakapanda ndege, wakaasili kwao. Mlango huo ulifungwa 2016, na sasa asiye raia lazima akae nchini angalau mwaka mmoja na amlee mtoto mwaka mmoja chini ya usimamizi. Ilivyokuwa kabla ya hapo dunia nzima ilikuja kusikia: Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili na mshirika wake, kwa madai ya mpango ambamo wazazi wa vijijini walidanganywa kwamba watoto wanakwenda kusomeshwa. Wale wazazi nao walikuwa na kijiji. Laiti kuna mtu angefika huko kuuliza.

Wenzangu hawakubaliani nami wote. Mmoja ananiambia navunja faragha ya mwombaji, na kwamba koo nyingine ni mbaya. Ana haki. Nimekutana na mwanamke aliyefukuzwa na kaka zake kwenye ardhi ya baba yake. Kumwambia awalete hao wamkubalie mtoto ingekuwa ukatili. Nimekutana na mwombaji aliyelelewa makao ya watoto, hana kijiji cha kunipeleka. Kwa hao nabadilisha swali. Nauliza: ukifa kesho, nani atachimba kaburi, nani atalala matanga? Anawataja: kikundi cha kina mama, watu wa kanisa, jirani wa miaka yote. Basi nipeleke kwa hao. Yule aliyelelewa makao alinipeleka kwa wenzake watatu waliokulia bweni moja, na walinihoji mimi kuliko nilivyowahoji wao.

Tatizo ambalo sijalipatia dawa ni mafuta. Ofisi ya probesheni ya wilaya ina mambo mengi na bajeti ndogo, kwa hiyo ikifika safari ya nje ya mji, mara nyingi mwombaji ndiye anayejaza tangi. Anayepimwa analipa gari la anayempima, na chakula cha mchana, na “kitu kidogo cha hewani,” yaani pesa ya muda wa maongezi wa simu. Mwenye pesa anatembelewa kijijini kwake hata mbali kule Kisoro, lakini muuza mukene, asipopata mtu wa kupanda naye taksi, ripoti yake inaishia kwenye pazia la chumba kimoja. Ningependa ada ilipwe mahakamani, na mahakama itoe nauli ya ziara, sawa kwa kila faili. Hadi hapo, Kamuli na Iganga naenda kwa taksi kwa pesa yangu. Arua na Kisoro napiga simu, naongea na mzee kwa Kiswahili au namtafuta mkalimani, na kwenye ripoti naandika wazi kwamba sikufika, nilipiga simu tu.